Maji peke yake hayatoshi

Makala niliyosoma inawashauri wafanyakazi wanywe maji mengi msimu huu wa joto. Ni kweli, lakini wanahitaji pia kivuli na ruhusa ya kupumzika. Hapa Katwe, mtaa wa Kampala, mafundi wa kuchomelea vyuma wanashinda chini ya mabati, aproni nzito kifuani, shati limeganda chumvi mgongoni. Jamani, mmoja wao akianza kuongea ovyo msidhani amelewa! Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaumia. Mwondoeni kwenye joto, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Wakaguzi wa usalama kazini waje saa nane mchana, si asubuhi kukiwa na ubaridi.