Rimoti Iliyonikaidi

Jumamosi ile nilikuwa na miadi na tamthilia yangu. Sehemu ya mwisho, ile ambayo muuaji anajulikana. Nimekaa, miguu juu ya stuli, nabonyeza rimoti. Kimya. Nabonyeza tena, safari hii mkono nimeunyoosha kama nailenga TV kwa mkuki. Kimya.

Nikaipiga pajani mara mbili. Sijui nani alitufundisha tiba hii, ila sijawahi kuona mtu aliyeanza na nyingine. Kisha nikafungua mfuniko, nikazizungusha betri kwa kidole, nikazibadilisha nafasi, nikazing'ata. Enzi za betri kubwa za tochi tuliapa kwamba kung'ata kunasaidia; hizi nyembamba za volti 1.5 zilinipa ladha ya msumari tu. Nikatia mpya, upande bapa kwenye springi kama inavyotakiwa. Wapi!

Nikaiweka mezani nivute pumzi. Hapo ndipo menyu ya TV ikaanza kutembea yenyewe. Inakwenda kulia, inarudi, inapanda juu, inatoka kabisa.

"Haijafa," nikamwambia mke wangu. "Amri inachelewa kufika tu. Inafikiri kwanza."

"Kwa hiyo inakutii usipoigusa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Chumba cha wageni alikuwepo baba mkwe, amekuja kututembelea, anatazama taarifa ya habari. Nilimsikia kupitia ukutani: msomaji anaanza sentensi, anakatwa, kimya, anaanza upya. Nikasema moyoni, mzee naye hatulii na kitu kimoja.

Nikakumbuka ujanja wa kamera. Rimoti za kawaida hutoa mwanga ambao jicho halioni, lakini kamera za simu nyingi huuona, rangi ya zambarau hivi. Nikajaribu na rimoti ya redio ya zamani: ikawaka vizuri. Nikaja kwa hii mkaidi: giza. Nikatangaza kifo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba rimoti nyingi za vifaa hivi vya intaneti vinavyochomekwa kwenye TV zinatumia Bluetooth kwa vitufe vingi, yaani mawimbi ya redio, hazihitaji kuwaka kitu. Wala hazihitaji kuelekezwa kwenye TV. Wala, na hili ndilo lililoniponza, hazizuiliwi na ukuta.

Binti yangu wa miaka 9 akasimama mlangoni. "Baba, hiyo rimoti ina—"

"Kalale."

Nikachomoa kile kifaa kinachoning'inia nyuma ya TV, nikahesabu hadi 30, nikachomeka. Ikawaka, ikakaa inanitazama. Hasira zikanipanda. Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni, kile cha kutafutia kwa sauti, nikaisogeza rimoti mdomoni, nikaiambia: "Punda wewe!"

TV haikujibu. Upande wa pili wa ukuta, habari zikakatika, na safari hii hazikurudi.

Basi, upasuaji. Nikatandika gazeti, nikaingiza kisu cha mezani kwenye mshono, nikakizungusha polepole mpaka ganda likaachia *krak*, na springi moja ikaruka chini ya kochi. Ndani hamna mengi ya kustahili jina la teknolojia: kipande cha mpira chenye vitufe, na kibati cha kijani. Nikasugua kila kitu kwa pamba na spiriti. Hata mgongoni palikuwa na doa jekundu, nikalisugua mpaka likatoka. Nilijivunia sana lile doa.

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka.

"Mwanangu," baba mkwe akasema kwa upole, "samahani kukusumbua. TV ya huko ndani imeingiwa na kitu. Kwanza rimoti hainisikii kabisa. Halafu nikiwa kwenye habari, inasimama. Inatoka. Inarudi. Ikatulia kidogo, nadhani wewe ulikuwa unabadilisha betri za yako. Mara wakaja madubu."

"Madubu, baba?"

"Wale weusi na weupe, wa China. Wanakula mianzi."

Mke wangu akainua kichwa. Kifaa cha chumba cha wageni tulikiacha kwenye lugha ya Kiingereza. Alinitazama, akaitazama pamba, akatamka taratibu kama anayeonja neno: "Punda. Panda." Kisha akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Baba mkwe alikuwa ameshika rimoti yake, pacha wa ile iliyolala matumbo wazi kwenye gazeti. Akainyoosha kwenye TV ya sebuleni, akabonyeza mara moja. Tamthilia yangu ikafunguka pale pale, tiifu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Nilitaka kukwambia," binti yangu akasema kutoka mlangoni, maana hakuwa amelala hata kidogo. "Hiyo ina alama nyekundu ya maka peni. Mama aliiweka ili tusichanganye. Ni ya chumba cha wageni."

Nikatazama mgongo wa rimoti. Unang'aa.

Baba mkwe akakaa kwenye kiti changu, akaweka miguu juu ya stuli, akaitazama ile maiti kwenye gazeti kwa huruma ya kweli.

"Usijali, mwanangu, habari nilishazisikia mchana," akasema. "Ila wale dubu walikuwa wazuri. Hivi uliwaitaje?"