Fremu za Mtaa wa India apewe nani?

Fremu ya Mtaa wa India, hapa Bagamoyo, ikibaki tupu, maneno huanza. Wapo wanaotaka apangishwe mchoraji, muuza vinyago au mtu wa mgahawa, ili Mji Mkongwe ubaki na sura yake. Wengine wanasema fremu ni fremu: akija kinyozi au wakala wa miamala na kodi yake mkononi, apewe ufunguo.

Hawa wa pili wana haki kuliko wanavyosikilizwa. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya biashara, duka chini, familia juu, baraza mbele. Wafanyabiashara wa Kihindi walikaa humo wakisubiri misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji. Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ikaanzia huko huko mwaka 1905, biashara ikafuata, na wapangaji wakabadilika. Tangu hapo wanabadilika.

Tena nyumba isiyokaliwa haina wa kuona paa likivuja. Maji hushuka ukutani, boriti za mikoko huoza taratibu, mpaka siku dari linaanguka.

Lakini wa upande wa kwanza wana uchungu ninaouelewa. Mpangaji anataka fremu ing'ae kabla ya Idi, fundi anapiga plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya masika kadhaa plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Nimewahi kupitisha kidole kwenye ukuta wa namna hiyo. Kilitoka na unga mweupe, mchungu wa chumvi. Na ubao wa mlango wa nakshi ukishang'olewa ili friji lipite, nani ataurudisha? Milango iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Mimi kinyozi simkatai. Nataka mkataba wake wa pango uutaje ukuta na mlango: chokaa tu, na nakshi isiguswe. Ila chokaa hukauka polepole na mafundi wake ni wachache, naye ameshalipa miezi sita mbele. Siku hizo za kusubiri, mwenye nyumba asimhesabie kodi.