Sangara walifaulu mtihani wa Ulaya, mahindi yetu je?

Kila mzigo wetu ukikataliwa nje mabishano ni yale yale. Kuna wanaosema viwango vya usalama wa chakula ni fimbo tu ya kutuzuia tusiuze, na kuna wanaosema acheni kulalamika, tengenezeni bidhaa safi muone kama hamtauza. Mi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, na mfano wa kuonyesha hilo tunao hapa hapa Ziwa Victoria, kwa hiyo ngoja nianzie kwa sangara.

Miaka ya 90 minofu ya sangara ilishakuwa biashara kubwa sana Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda, viwanda vinafunguliwa, vijana wanapata ajira na ndege zinapakia kwenda Ulaya. Halafu mambo yakaanza kuharibika moja baada ya jingine. Kwanza Hispania na Italia wakapima wakakuta bakteria wa salmonela kwenye baadhi ya mizigo. Desemba 1997 kukawa na kipindupindu ukanda huu na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, wakaja kuufungua 1998. Hatujakaa sawa, mwaka 1999 zikatoka taarifa za watu kuvua kwa sumu, yaani dawa za kuulia wadudu zinamwagwa ziwani samaki wanaelea wanaokotwa, na safari hii biashara ikasimama kwa muda mrefu zaidi. Viwanda vikafungwa, watu wakarudishwa nyumbani, na mvuvi aliyezoea kumuuzia wakala wa kiwanda akabaki na samaki wa kuuza kwa bei ya kutupa.

Sasa anayesema viwango ni fimbo ana hoja ya maana kabisa kwenye lile la kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema hatari ya kipindupindu kusafiri kupitia chakula kinachouzwa nje ni ndogo, na Tanzania ililipeleka suala hilo mpaka kwenye kamati ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) inayoshughulika na usalama wa chakula na afya ya mimea na wanyama. Mkataba wao wa mwaka 1995 unataka hatua kama hizo ziwe na msingi wa kisayansi. Hapa msingi ulikuwa mwembamba, na walioumia ni watu wa kipato cha chini kabisa, kwa hiyo mtu asiniambie kila katazo lina nia njema ya kumlinda mlaji.

Lakini ukiwa mkweli inabidi uiangalie na mialo yetu, yaani sehemu za kushushia samaki, ilivyokuwa wakati ule. Samaki anashushwa anawekwa chini mchangani, maji ya bomba hakuna, choo hakuna, barafu hakuna, jua limewaka na gari la kiwanda halijafika. Ukaguzi nao umegawanyika, Uganda kwa mfano kulikuwa na zaidi ya chombo kimoja kila kimoja kinajiona ndo mwenye mamlaka. Na lile la sumu ndo lilituumbua zaidi kwa sababu hata kama samaki wetu walikuwa salama (na wengi nadhani walikuwa salama) hatukuwa na mfumo wa kupima mabaki ya viuatilifu ambao mnunuzi angeuamini. Kuwa na samaki salama ni jambo moja, kuweza kuthibitisha ni salama ni jambo jingine, na soko la nje linalipia hilo la pili.

Hapo ndo kujenga uwezo kulipoanza kwa vitendo. Uganda waliweka ukaguzi wote chini ya idara ya uvuvi na wakasaidiwa na UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, kupanga mfumo wao. Upande wetu kuna maabara ya samaki ya Nyegezi pale Mwanza, mialo kadhaa ikajengewa sakafu na maji, boti za kukusanyia samaki zikaanza kubeba barafu na viwanda vikalazimika kuandika kila hatua, samaki katoka mwalo gani, siku gani, kwa boti ipi. Mwaka 2000 soko likafunguka, Tanzania ikatangulia, ikafuata Uganda, Kenya ikawa ya mwisho. Kwa hiyo anayesema katazo lilitusaidia naye hajakosea, maana bila ule mshtuko sijui ni serikali gani ingekaa chini ikatafuta hela ya maabara ya samaki wakati zahanati hazina dawa.

Ila kuna kitu kwenye hadithi hii ya mafanikio kinaniuma. Ukienda Mwanza utakuta mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa, kichwa na mgongo na nyama kidogo iliyobaki. Yanatoka kiwandani yanapakiwa kwenye magari, yanaanikwa kwenye vichanja au yanakaangwa yanauzwa sokoni, na familia nyingi za kipato cha chini kanda ya ziwa kitoweo chao ni hicho. Minofu inaondoka na barafu na karatasi zake zote za ukaguzi, mapanki yanaondoka na nzi. Samaki mmoja, kisu kimoja, viwango viwili. Uwezo tulioujenga ulikuwa wa kumlinda mlaji wa Ulaya, ukaishia kwenye geti la kiwanda.

Na ndo maana linapokuja suala la mahindi tunashikwa vibaya. Mtakumbuka Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilitoa barua kupiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na fangasi wa kwenye nafaka. Malori yakakwama mpakani, siasa zikaingia, na baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti, mwagizaji asajiliwe na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Huku kwetu wengi tuliichukulia kama vita ya kibiashara, na sishangai, maana sisi wenyewe mwaka 2017 tulichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga kwa sababu ya hofu ya mafua ya ndege, kwa hiyo hii michezo ya mpakani tunaijua pande zote. Kwa Kenya nako tatizo lilikuwa ndani kwao, 2019 walisimamisha chapa kadhaa za unga zinazouzwa huko huko kwao kwa sumukuvu hiyo hiyo.

Lakini kile kiwango cha 10 hakikutoka Ulaya wala hakikutungwa na Kenya peke yake, ni kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ambacho na sisi tupo ndani yake. Na sumukuvu inaua. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125 ukanda wa Makueni na Kitui, na kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, mahindi ya nyumbani kwao, hayakuwa ya kuuza nje. Hiyo ya kuua haraka ndo inayoonekana, ile ya kula kidogo kidogo kila siku inapiga ini taratibu na inaleta saratani bila mtu kujua imetoka wapi. Sisi tunakula ugali mchana na usiku, mtoto anakunywa uji wa lishe wenye mahindi na karanga, yaani sisi ni kati ya walaji walio hatarini zaidi, na ndo sisi tusiopimiwa.

Kwa upande wa Ulaya mjadala ni tofauti kidogo, viwango vyao vya sumukuvu ni vikali zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Benki ya Dunia wakiongozwa na Otsuki walikadiria kwamba ukali huo, ukilinganisha na viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, ungeipunguzia Afrika mauzo ya nafaka, karanga na matunda makavu kwa asilimia 64, kama dola milioni 670, wakati faida yake ni kuokoa vifo kama 1.4 kwa mwaka katika watu bilioni moja. Takwimu hiyo ilinukuliwa kila mahali na inauma ukiisoma. Lakini mwaka 2012 watafiti wengine, Xiong na Beghin, walipoangalia mauzo halisi ya karanga za Afrika hawakuona athari kubwa ya kile kiwango, kwao tatizo lilikuwa zaidi kwenye uzalishaji wetu wenyewe. Mi nawaelewa hao wa pili, karanga inayolowanishwa maji ili ibanduke ganda haraka inaharibika kabla haijafika hata bandarini.

Swali la nani alipie gharama za kufikia viwango halikwepeki. Mkataba ule ule wa WTO kifungu cha 9 unazungumzia nchi tajiri kusaidia kitaalamu lakini maneno yake ni laini, wanakubali kuwezesha, hakuna anayelazimishwa kutoa kiasi fulani. Kuna mfuko wa STDF wa kusaidia nchi zinazoendelea kufikia viwango, ulioanzishwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa (FAO), Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na wenzao, unafanya kazi nzuri ila ni mdogo ukilinganisha na shida. Na viwango binafsi vya supamaketi kama GlobalGAP haviwekwi na serikali, mkulima wa mishiri (maharage machanga ya maganda) Kenya anatakiwa awe na stoo ya dawa, choo, kumbukumbu za kila alipopulizia, halafu alipie na ukaguzi, na wadogo wengi walishindwa wakaachia kampuni kubwa. Hilo ni gharama halisi na wanaotetea viwango huwa wanaliruka.

Msimamo wangu ni kwamba tumeanzia mwisho. Mradi ukija unaanza na maabara na mashine, kila mtu anapenda kukata utepe, wakati sumukuvu haitengenezwi maabara. Inaanzia shambani mahindi yakipigwa na ukame na wadudu, inaendelea yakivunwa hayajakauka, yakianikwa chini kwenye udongo, yakifungwa kwenye gunia bado yana unyevu zaidi ya ile asilimia 13.5. Turubai la kuanikia, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, kubagua punje mbovu kabla ya kusaga, hivyo ni vitu vya bei ya kawaida. Aflasafe ya kudhibiti fangasi shambani nayo ipo, lakini mkulima ataitoa wapi hela wakati gunia lililokaushwa vizuri na lililolowa yananunuliwa bei moja?

Hapo kwenye bei ndo pa kuanzia. Soko la mahindi kama la Kibaigwa, Dodoma, linapitisha mahindi mengi sana na halmashauri inakusanya ushuru kwa kila mzigo. Sehemu ya ushuru huo inunue vipima unyevu na vipimo vya haraka vya sumukuvu, mzigo upimwe pale pale kabla haujapanda lori, uwe unaenda Nairobi au Manzese, Dar es Salaam, na bei itofautiane. Na mahindi yatakayofeli yawe na pa kwenda panapojulikana, kwa sababu leo mzigo ukirudishwa Namanga hakuna anayekuonyesha ulikoishia, na mimi naamini mwingi unasagwa unga unaliwa na watu wetu.