Shikamoo mnampa, mazungumzo mnamnyima

Jumanne nilimpeleka mama kliniki ya presha. Kijana wa dirishani, shati limepigwa pasi likakubali, alisimama kabisa kumwamkia. "Shikamoo bibi!" Mama akaitikia marahaba. Baada ya hapo kijana akanigeukia mimi. "Bibi anaitwa nani?"

Bibi yupo. Amekaa mbele yako, ameshika kadi yake mwenyewe. "Ana miaka mingapi? Anakula vizuri? Choo anapata?" Yote naulizwa mimi, foleni nzima inasikiliza, kama vile nimeleta mbuzi kwa bwana mifugo.

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza mara moja, ameinamia kompyuta, kwa sauti nyembamba ya mbio mbio. Mama akasema, "Eeh?" Kijana akanitazama kwa huruma. "Uzee ni utoto, dada. Ndivyo walivyo."

Huyo mtoto aliingia darasani 1976, zama za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akashika chaki miaka 39. Leo ana miaka 71 na ndiye mweka hazina wa kikoba chao, na sijasikia aliyejaribu kumzunguka hata kwa shilingi mia tano.

Tatizo la mama ni masikio, tena si yote. Kule ndani ya sikio, kwenye kitu kilichojikunja kama konokono, kuna chembe zenye vinyweleo ambazo zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za kupokea sauti kali nyembamba, na huko ndiko zinakokaa s, f, sh na wenzao. Irabu ziko chini, zinabaki. Sasa Kiswahili chetu kimejaa irabu kila kona, kwa hiyo mama wimbo anaupata wote, maneno anayapata nusu, nusu nyingine anabahatisha. Naingia mlangoni, "Mama, nimefika." Ananijibu, "Umepika nini?" Tulicheka miezi, wajinga sisi.

Halafu kuna lile la kusema wazee wanasikia wanachotaka kusikia. Kaka yangu ndiye bingwa wa huo wimbo. Chumbani, peke yenu, unamtazama usoni, mama anasikia vizuri tu. Mweke sebuleni na televisheni, feni na wajukuu watano, haambulii kitu. Hapo ndipo kaka anapoanza kupiga kelele, na kelele zinaongeza irabu tu, zile ambazo tayari alikuwa anazisikia. Dakika mbili nyuma mama alisema hasikii, sasa anasema usinipigie kelele mimi si kiziwi, nasi tunaona kigeugeu. Wala si kigeugeu. Sikio la uzeeni linakosa sauti ndogo na linaumizwa na kubwa, yote mawili kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kitu cha bure kabisa: mkalie mbele, aone midomo yako, fanya sauti iwe nzito, punguza mwendo.

Badala yake tuna sentensi yetu. Kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu mama aliuliza kitu, akauliza tena, mara ya tatu shangazi mmoja akampungia mkono: "Basi dada, si muhimu." Nilimwona mama akifunga pindo la kanga, akalifungua, akalifunga tena. Hakuuliza kingine mpaka kikao kikaisha. Wakati wa kuondoka watu wakasema mwalimu siku hizi kapoa, uzee umemtuliza. Kapoa! Mmemzima wenyewe. Na ukimya huo si salama hata kidogo: mwaka 2020 tume ya jarida la tiba la Lancet iliweka upotevu wa usikivu miongoni mwa mambo makubwa yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau.

Ugonjwa huo upo, sibishi. Dirisha la wazee nalo limesaidia, zamani tungeshinda pale hadi alasiri. Na mimi mwenyewe mwaka jana nilimchagulia fremu ya miwani bila kumuuliza. Ameivaa mara mbili, zote mbele yangu.

Mengine nikiyaanza hatumalizi. Alama za vidole, kwa mfano: chaki na jembe vimezilamba, mashine ikamkataa mara nne, akaambiwa arudi kesho, sijui vidole vilitarajiwa kuota usiku. Na macho mekundu. Kule Usukumani bibi zetu wameitwa wachawi na kuuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa majiko waliyotupikia. Hilo sina utani nalo.

Turudi kliniki. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alishusha barakoa, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akauliza kwa sauti nzito ya taratibu, "Mama, dawa zinakusumbua wapi?" Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu. Mama akaniwahi. Kuna kidonge kinachompeleka msalani kila baada ya nusu saa, akasema, kwa hiyo siku za kikoba hakimezi. Siku za safari pia hakimezi. Na siku za msiba. Miezi minane nalalamika presha haishuki, nabadilisha chumvi, nagombana na dada wa kazi, kumbe mgonjwa ana ratiba yake na hakuna aliyemuuliza! Daktari akacheka, akamwambia kinywe asubuhi, na siku ya safari usikiruke, kisogeze mpaka ufike. Ilichukua dakika kumi.

Tulipokuwa tunatoka mama alisimama dirishani. Kijana akainuka tena, "Shikamoo bibi," ameshasahau kwamba alishaamkia.

"Marahaba mwanangu," mama akamwambia. "Andika hapo: choo napata."