Joto, uzito na risasi zinazoisha: kuzipima bunduki za filamu za sayansi

Kila linapozuka suala la silaha, wapenzi wa filamu za sayansi ya kubuni hugawanyika kambi mbili. Kuna wanaotaka kila bunduki itii fizikia, na kuna wanaosema hadithi ni hadithi, mtunzi aachwe afyatue anachotaka. Kwa upande wangu, kabla sijauliza bunduki inatoa nini mtutuni, nauliza inashindwa wapi.

Chukua M41A ya filamu ya Aliens, ya mwaka 1986. Wengi huitaja kuwa bunduki ya kubuni inayoaminika kuliko zote, na wana sababu. Mafundi waliijenga juu ya Thompson, bunduki iliyopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa hiyo inapotikisika mikononi mwa mwigizaji na kutema moto, ndani yake baruti inalipuka kweli. Ubavuni ina tarakimu zinazohesabu risasi zilizobaki. Zinaposhuka, mtazamaji anashuka nazo roho.

Lakini filamu inasema risasi zake hazina ganda, na hapo panataka kukaa kidogo, maana Wajerumani walilijaribu jambo hilo kwa vitendo. Kampuni ya Heckler & Koch ilitumia miaka mingi kuunda G11, bunduki ya milimita 4.73 ambayo kichwa cha risasi kimezikwa ndani ya kipande cha baruti ngumu. Faida zilionekana: risasi zilikuwa nyepesi, na ukipiga tatu za mfululizo zilitoka kwa kasi ya zaidi ya 2,000 kwa dakika, kabla bega halijapata teke. Kilichowasumbua ni joto. Lile ganda la shaba tunaloliona likirushwa pembeni huondoka na sehemu ya joto la chemba, pale risasi inapolipukia. Ukiliondoa, joto linabaki ndani, na bunduki za mwanzo zilifika mahali risasi ikajilipukia yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio. Dynamit Nobel, watengenezaji wa baruti, ikabidi watengeneze baruti inayostahimili joto zaidi, na walifaulu. Hata hivyo, Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, fedha zilihitajika kwingine na G11 ikaachwa.

Magazini ya G11 ililala juu ya mtutu, ndefu kama rula, ikabeba risasi 45 au 50. M41A inadaiwa kubeba 95 za milimita 10 katika kasha fupi lililoning'inia chini. Hesabu hiyo haikubali hata kidogo.

Star Wars, ya mwaka 1977, iko mbali zaidi na fizikia. Askari wake wenye mavazi meupe wanabeba bunduki za Sterling za Kiingereza zilizobadilishwa sura, na zinatoa vimondo vyekundu ambavyo jicho linavifuata hewani. Leza halisi haiendi hivyo. Ile ya kilowati 30 ambayo Jeshi la Majini la Marekani liliifunga kwenye meli ya USS Ponce mwaka 2014 ilihitaji jenereta yake yenyewe, na mwale wa namna hiyo hudhoofishwa na ukungu na vumbi. Hata hivyo watetezi wa Star Wars wana hoja nzito: mtazamaji lazima aone nani anampiga nani. Wanajeshi nao hutumia risasi za kumulika ili waone zinakoangukia. Kwa hiyo vile vimondo sivilaumu.

Ninacholaumu ni bunduki isiyochemka, isiyoishiwa na isiyomlemea aliyeibeba. Silaha halisi haikupi kitu bila kukunyang'anya kingine. M7, bunduki mpya ya Jeshi la Marekani iliyoitwa XM7 hapo awali, inapiga kwa nguvu zaidi kuliko M4 inayoirithi, lakini ni nzito zaidi, risasi zake ni kubwa, na askari anaondoka na 140 badala ya 210. Mtunzi anayetaka tumwamini aanzie kwenye hizo 70 zilizobaki kambini.