Si unyoya ulioua Mkataba wa Meech Lake

Kuna picha ya Juni 1990 ambayo Wakanada wengi wa rika lile hawajaisahau: Elijah Harper, mbunge katika bunge la jimbo la Manitoba, mwenyeji asilia wa jamii ya Oji-Cree kutoka Red Sucker Lake, ameketi bungeni mkononi kashika unyoya wa tai. Anaulizwa kama anaridhia bunge liruke kanuni zake, jambo lililohitaji wabunge wote wakubali, ili Mkataba wa Meech Lake, wa kubadili katiba ya Kanada, ujadiliwe haraka. Hapana. Anaulizwa tena siku nyingine. Hapana. Muda ukaisha, mkataba ukafa.

Tangu hapo anatajwa, kwa sifa au kwa lawama, kama mtu aliyeangusha mageuzi ya katiba ya nchi nzima peke yake. Mimi naona waliouangusha ni wale wale waliouandika.

Mwaka 1982 Kanada iliichukua katiba yake kutoka mikononi mwa Uingereza. Majimbo 9 yalikubali masharti; Quebec, jimbo la wasemao Kifaransa, ikagoma. Kisheria katiba iliibana Quebec vilevile, lakini donda la kisiasa likabaki wazi. Ndipo tarehe 30 Aprili 1987 waziri mkuu Brian Mulroney akajifungia na mawaziri wakuu wa majimbo yote 10 kando ya ziwa Meech, si mbali na Ottawa. Wanaume 11. Walitoka wamekubaliana juu ya madai matano ya Quebec, kubwa likiwa kuitambua kama "jamii ya kipekee". Kipekee kwa namna gani, hapakuandikwa, na nadhani huko kutoandika ndiko kulikowapatanisha.

Sasa rudi nyuma mwezi mmoja tu. Machi 1987 viongozi wa serikali kuu na wa majimbo walikaa na wawakilishi wa wenyeji asilia katika mkutano wa nne na wa mwisho kuhusu haki ya wenyeji kujitawala. Ukavunjika. Baadhi ya mawaziri wakuu walisema neno "kujitawala" halieleweki, lifafanuliwe kwanza. Wiki chache baadaye likapita neno jingine lisilofafanuliwa, bila jasho. Ungekuwa wewe ni mwenyeji asilia, ungelichukuliaje hilo?

Kisha saa yenyewe. Mabunge yote yalitakiwa kuridhia ndani ya miaka 3, na Quebec iliianzisha hesabu hiyo Juni 23, 1987. Miaka 3 ni mingi kwa chaguzi: New Brunswick, Manitoba na Newfoundland zilipata viongozi wapya ambao hawakuwa wametia saini chochote kando ya ziwa. Mulroney akangoja hadi Juni 1990, akawakusanya tena Ottawa siku saba, milango imefungwa, akawabana hadi wakakubali. Baadaye akajigamba kwa waandishi wa gazeti kwamba alikuwa amepanga mapema siku ya kurusha dadu. Manitoba, ambayo kanuni zake zilidai wananchi wasikilizwe, ilibakiwa na wiki mbili. Ukibana muda hivyo, mbunge mmoja anatosha kukukwamisha. Harper hakuivunja kanuni hata moja. Alikataa tu ivunjwe.

Na kuna jambo ambalo ule unyoya umelifunika: siku ya mwisho ya kazi kabla ya muda kuisha, Clyde Wells, waziri mkuu wa Newfoundland, naye aliahirisha bunge lake bila kura.

Wakubwa walijifunza, angalau kidogo. Katika Mkataba wa Charlottetown wa 1992 mashirika ya wenyeji yalipewa viti mezani, na haki ya kujitawala ikaandikwa. Safari hii wananchi wenyewe waliulizwa, Oktoba 26, na takriban asilimia 54 wakakataa, wakiwemo wengi wa wenyeji waliokuwa wakiishi katika maeneo waliyotengewa. Miaka 3 baadaye Quebec ilipiga kura ya kujitenga. Waliotaka kubaki walishinda kwa asilimia 50.58.

Harper alifariki 2013. Quebec bado haijairidhia rasmi katiba ya 1982, na sioni waziri mkuu yeyote wa Ottawa mwenye hamu ya kurudi kando ya ziwa lile.