Simu ya Faiba Inakula Tokeni Yangu

Simu ya zamani ya waya wa shaba ilikuwa mgeni mwenye adabu: ilikuja na chakula chake. Volti 48 zilitoka kituo cha simu zikapita kwenye waya uleule wa maongezi, hata Kisumu nzima ikiwa gizani kengele inalia. Faiba, ule uzi wa kioo unaobeba maongezi na intaneti kwa mwanga, imekuja na mdomo tu! Kioo hakipitishi stima, kwa hivyo kile kisanduku cha ukutani unapoishia uzi kinadai soketi ya kwake, na ruta ya kusambaza mtandao nayo ya kwake. Tuseme vyote viwili vinakula wati 10. Piga mara saa 24, mara siku 30: yuniti 7 na ushee kwa mwezi, 87 kwa mwaka, zote kwenye tokeni yako.

Na stima ikipotea? Eti nunua betri. Haya, ya volti 12, ampea-saa 7. Ikiwa mpya inashikilia saa sita hivi. Miaka miwili mitatu ikipita, inazima kabla chai haijachemka. Hesabu miaka kumi uone ni betri ngapi, na bei ya kuunganishiwa haikuzitaja.

Sasa ngoja ikatike. Shaba fundi aliimenya kwa meno, akasokota, akazungushia tepu. Laini ilikwaruza lakini uliongea. Uzi wa kioo una upana wa mikromita 125, yaani thumuni ya milimita, na mwanga unapita katikati kwenye 9 tu. Usokote nini hapo? Fundi aumenye, aufute kwa spiriti, aukate ncha iwe sawasawa, aingize kwenye mashine ya kuyeyusha ncha mbili zishikane, kisha asogeze juu ya kiungo kibomba cha plastiki alichokivisha mapema na kukipasha moto. Punje moja ya vumbi, arudie. Na trela la miwa lililonasa waya uliolegea na kuukata lilishafika kiwandani kitambo.

Wengine tunajiharibia wenyewe. Ukikunja waya nyuma ya kabati kama kamba ya mbuzi, mwanga unavujia kwenye kona. Na vile vichwa vya kuchomekea waya: cha kijani kimekatwa mshazari digrii 8, cha bluu hakijakatwa hivyo. Ukivichanganya vinaingiana vizuri tu, halafu mtandao unachechemea.

Kweli, shaba iliibiwa sana. Lakini mwizi naye anakata kwanza, anakuta kioo, anatupa palepale, anakuachia siku tatu za kungoja.

Ukipiga kuripoti, unaombwa uzime kisanduku kisha ukiwashe. Nizime nini, na stima imepotea tangu saa nane?